Barua ya wazi kwa viongozi wa halmashauri: nyumba mmeziruhusu, barabara yake iko wapi?

KWA: Mwenyekiti wa Halmashauri, Mkurugenzi, Mhandisi wa Barabara, na Waheshimiwa Madiwani wote

YAH: UBORESHAJI WA BARABARA YA KITONGOJI CHETU KULINGANA NA KASI YA UJENZI WA MAKAZI

Waheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Ninaandika hadharani kwa sababu njia ya ofisini tumeimaliza. Barua zetu ziligongwa mhuri wa kupokelewa, kisha kimya. Ujumbe wa wakazi ulikaribishwa vizuri, ukaambiwa suala linafanyiwa kazi, na tangu siku hiyo kazi tunayoiona ni misingi ya nyumba mpya. Sina ugomvi na mtu yeyote ofisini kwenu. Ninacholalamikia ni utaratibu: kibali cha nyumba kinatoka leo, barabara ya kuihudumia inaahidiwa siku isiyojulikana.

Nitangulize neno moja ili nisieleweke vibaya. Barua hii haiwakatai wageni. Waliohamia hapa ni majirani zetu na watoto wao wanasoma na wetu. Wao ndio walioumizwa zaidi, maana waliuziwa viwanja kwa mchoro wenye barabara pana na miti pembeni, wakafika wakakuta lami ileile nyembamba tuliyokuwa nayo wakati eneo lote likiwa mashamba. Wengi wao wamesaini madai haya pamoja nasi.

Hoja zetu ni hizi.

1. Nyumba zilihesabiwa, safari hazikuhesabiwa

Kila nyumba inazaa safari: kazini, shuleni, dukani, hospitali, na kurudi. Wahandisi wa usafiri wa Marekani, ambao wamekusanya hesabu hizi kwa miongo mingi, hukadiria safari za gari kati ya tisa na kumi kwa siku kwa nyumba moja ya familia inayosimama peke yake, na karibu safari moja katika saa ya jioni yenye pilika kuliko zote. Mtasema si kila nyumba ya hapa ina gari. Sawa, tukate makadirio hayo nusu. Nyumba 300 bado zinaongeza safari zaidi ya 1,300 kwa siku juu ya zile zilizokuwapo, na kama 150 kati ya hizo zinaangukia saa hiyo moja ya jioni. Hiyo ni gari jipya kila baada ya sekunde 24, yote yakipita njia panda moja.

Mmetujibu kwa mdomo kwamba kila mradi ulifanyiwa tathmini ya athari za usafiri. Tunaamini. Shida ni kwamba kila mwendelezaji, yaani mwenye mradi wa nyumba, alitathminiwa peke yake, kana kwamba jirani yake hajengi. Wa kwanza akaonekana ana athari ndogo, wa pili ndogo, wa tatu ndogo, na hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Hakuna karatasi hata moja iliyojumlisha hizo ndogo zote. Na hesabu ya magari inayotegemewa katika tathmini hizo, kwa mujibu wa tarehe zilizoandikwa humo humo, ilifanyika shule zikiwa zimefungwa. Mhandisi yeyote anajua maana yake. Mzazi yeyote naye anajua.

2. Mnataka kupanua mahali pasipo na foleni

Hii ndiyo hoja iliyonifanya nishike kalamu, kwa hiyo mniwie radhi nikikaa hapa kidogo.

Mpango pekee uliowahi kutajwa mbele yetu ni kupanua kipande kilichonyooka, kati ya makazi mapya na barabara kuu, kutoka njia mbili hadi nne. Ukiusikia haraka unapendeza. Lakini simameni pale asubuhi: magari hayakwami kwenye kipande kilichonyooka. Yanakwama mwisho wake, kwenye makutano, ambako dereva anayekata kuvuka mkondo wa magari ya barabara kuu anasubiri upenyo usiotokea, na wote walio nyuma yake, hata wale wanaotaka kwenda upande mwingine, wanasubiri naye. Uwezo wa barabara ndogo kama yetu hupimwa kwenye makutano yake. Ukipanua kinywa cha faneli bila kugusa shingo, maji hayatatoka haraka zaidi. Tutakuwa na foleni ya safu mbili badala ya moja, kwa fedha nyingi.

Hata kwa wenye fedha nyingi kutuzidi, upana peke yake umeangusha wengi. Barabara ya Katy Freeway huko Houston ilipanuliwa kufikia mwaka 2008, na baadhi ya sehemu zake, ukijumlisha barabara za pembeni, zina njia 26. Miaka michache baadaye muda wa safari katika saa za pilika ulikuwa umerefuka tena. Mwaka 2011 wachumi Gilles Duranton na Matthew Turner walichapisha utafiti kuhusu miji ya Marekani ulioonyesha kwamba kilomita zinazoendeshwa huongezeka karibu sawasawa na kilomita za njia zinazojengwa. Nafasi ikipatikana, watu huijaza: aliyekuwa akiondoka mapema anaondoka saa ya kawaida, aliyekuwa akipita kwingine anahamia hapo, na mwendelezaji mwingine anaona ardhi ya pembeni imepata thamani.

Sasa tazameni mji wa Carmel, jimbo la Indiana, ulio pembezoni mwa Indianapolis na uliokua kwa kasi kama sisi tunavyokua. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1990 viongozi wake walianza kubadilisha makutano yao kuwa mizunguko, ile ambayo wengi huiita kipilefti. Leo wana zaidi ya 150. Sababu ya msingi ni hesabu rahisi. Makutano ya kawaida yanayopokea barabara kutoka pande nne yana sehemu 32 ambapo mikondo ya magari inaweza kugongana; mzunguko wenye safu moja ya magari una nane tu. Anayeingia humpisha aliye ndani, kanuni ambayo Uingereza iliifanya rasmi mwaka 1966, na kwa kuwa kila mtu analazimika kupunguza mwendo na kupinda, migongano ya ubavuni na ya uso kwa uso karibu inatoweka. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000, uliolinganisha makutano yaliyobadilishwa kabla na baada, ulikuta ajali za majeruhi zimepungua kwa asilimia 76, na ukakadiria zile za vifo na majeraha mabaya kupungua kwa takriban asilimia 90.

Sisemi mzunguko ni dawa ya kila njia panda. Pale ambapo mkondo mmoja una magari mengi mno kuliko mwingine, upande mnyonge unaweza kusubiri bila mwisho, na hapo taa huenda zikafaa zaidi. Mhandisi wetu apige hesabu za vyote viwili na atuonyeshe. Tunachokataa ni kupanuliwa kwa kilomita za katikati huku makutano yakiachwa kwa "awamu ya pili". Awamu ya pili tunaifahamu.

3. Anayetembea hakuwekwa kwenye mchoro

Barabara yetu haina njia ya waenda kwa miguu. Ina ukingo wa lami uliomeguka, kisha mtaro. Mtoto anayekwenda shule hutembea kati ya hivyo viwili, na gari likija upande wake hushuka mtaroni.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2023, linasema ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na ndizo chanzo cha kwanza cha vifo kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Shirika hilo hilo linaeleza kwamba mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kifo hupanda kwa takriban asilimia 4. Lami mpya iliyonyooka, laini, pana, bila njia ya miguu, inapandisha mwendo kwa zaidi ya asilimia moja. Kwa maneno mengine, kipande mnachotaka kupanua, mkikijenga kama kilivyochorwa, kinaweza kutuletea misiba ambayo mashimo ya sasa yanatuepusha. Inauma kuyashukuru mashimo.

Azimio la Stockholm la Februari 2020, ambalo baadaye mwaka huo lilipata uungaji mkono wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, linataka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari na watu wanaotembea huchanganyika mara kwa mara. Mbele ya shule yetu wanachanganyika kila siku. Hakuna kibao, hakuna tuta, hakuna kivuko kilichochorwa.

4. Malori ya ujenzi ndiyo yaliyoivunja, gharama anabeba nani?

Tumeambiwa lami imechoka kwa sababu "magari yenu yamekuwa mengi". Hapana. Kati ya 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, wahandisi waliendesha malori mchana na usiku juu ya barabara za majaribio ili kupima uharibifu. Kutokana na vipimo vile ilipatikana kanuni inayotumika hadi leo: uharibifu hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu. Ekseli ikiwa nzito maradufu, huumiza barabara kama mara 16. Ekseli ya tani 10 ikilinganishwa na ya gari dogo yenye tani moja, tunazungumzia maelfu ya mara.

Kwa hiyo lori moja la mchanga au kokoto hufanya kazi ambayo magari yetu madogo yote ya wiki nzima hayaifikii. Malori hayo yanajulikana ni ya miradi gani. Masharti ya kibali yangeweza kuyapangia njia, saa na kikomo cha uzito, na kumtaka mwenye mradi aweke dhamana ya kukarabati. Hayakufanya hivyo.

5. Maji

John Loudon McAdam alilieleza hili miaka mia mbili iliyopita: kinachobeba uzito ni udongo ulio chini, na udongo hubeba ukiwa mkavu. Lami ni paa lake. Makalavati yetu yalipimwa wakati eneo lote lilikuwa nyasi zinazonyonya mvua. Sasa kuna mapaa, nyua za saruji na maegesho, na maji yaleyale ya mvua yanafika mtaroni kwa pamoja badala ya kidogo kidogo. Mtaro unajaa, maji yanapanda, yanaingia kwenye nyufa, tabaka la chini linalainika, lori linapita, shimo linazaliwa. Kisha kinakuja kiraka, juu ya tope. Mvua inayofuata inakiondoa.

Hesabu za wakala wa barabara kuu wa Afrika Kusini, ambazo Benki ya Dunia imezitumia katika maandiko yake, zinasema gharama ya ukarabati huwa mara sita ya gharama ya matengenezo baada ya miaka mitatu ya kutelekezwa, na mara 18 baada ya miaka mitano. Kila bajeti inayoahirisha mtaro huu inanunua deni.

6. Tuna mlango mmoja

Makazi yote mapya yanatokea barabara moja. Tarehe 8 Novemba 2018 moto wa msituni uliufikia mji mdogo wa Paradise, California, wenye njia chache za kutokea. Magari yakajazana, na baadhi ya watu 85 waliokufa katika moto ule walikutwa ndani ya magari yao au karibu nayo. Sisi hatuna msitu, lakini tuna moto wa majumbani, tuna wajawazito, tuna wagonjwa. Gari la zimamoto likikutana na lori lililoharibika pale kwenye kalavati, hakuna njia nyingine. Kwenye ramani ya mipango miji ipo njia ya pili. Kwenye ardhi kuna ukuta wa mtu.

Nimezisikia sababu za kutofanya kitu, na ningependa kuzijibu mapema ili tusizirudie kwenye mkutano.

Ya kwanza ni bajeti. Halmashauri haina fedha, tunaelewa. Lakini thamani iliyoongezeka pale ardhi ilipogeuka kutoka shamba kuwa viwanja ilitokana na saini yenu, na sehemu ya thamani hiyo ingeweza kujenga makutano. Nchi nyingine hazioni haya kulidai hilo. Uingereza, kwa mfano, kifungu cha 106 cha Sheria ya Mipango Miji na Vijiji ya 1990 kinaruhusu mamlaka ya mipango kufunga mkataba na mwendelezaji ili achangie barabara, shule au huduma nyingine zinazolemewa na mradi wake, na masharti yanaweza kuandikwa kwamba idadi fulani ya nyumba zisikaliwe kabla kazi ya barabara haijakamilika. Mwendelezaji hafilisiki. Anaingiza gharama hiyo kwenye hesabu ya bei atakayomlipa mwenye shamba, mradi tu aijue mapema. Kinachomuumiza, na kinachotuumiza sisi, ni masharti yanayokuja baada ya funguo kutolewa.

Ya pili: "barabara ile siyo yetu, ni ya mamlaka nyingine". Inawezekana. Kibali cha nyumba lakini ni chenu, na mamlaka hiyo nyingine ina anwani. Kuandikiana barua kati ya ofisi mbili za umma si kazi ya wakazi.

Ya tatu: tusubiri mradi mkubwa. Tutausubiri, ila kuna mambo yasiyohitaji mradi. Rangi ya kivuko, vibao vya mwendo, matuta mbele ya shule, kuzibua mitaro kabla ya mvua, kufyeka kona ambayo dereva haoni anayekuja. Hayo ni ya wiki, siyo ya mwaka wa fedha.

Ya nne inatolewa kwa sauti ya chini: hifadhi ya barabara imeshavamiwa. Ni kweli, na inazidi kuvamiwa kila mwezi mnapokaa kimya. Kuta zile zilijengwa mchana, nyingine zikiwa na kibali. Wekeni mawe ya mpaka sasa, kabla uchaguzi haujabaki kati ya kulipa fidia na kuacha kabisa.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, tunaomba yafuatayo, na tunayaomba kwa maandishi:

a) Halmashauri isitoe ruhusa ya kukalia nyumba katika miradi mipya, zaidi ya zile zilizokwisha kuruhusiwa, mpaka makutano na barabara kuu yawe yamejengwa. Hatuombi ujenzi usimame. Tunaomba funguo zifuate lami.

b) Ifanyike tathmini moja ya usafiri kwa miradi yote kwa pamoja, hesabu ya magari ikichukuliwa siku za shule, na ripoti iwekwe wazi pamoja na namba zake.

c) Fedha za uboreshaji zianzie kwenye makutano, mitaro na njia ya waenda kwa miguu pande zote mbili. Upanuzi wa kipande kilichonyooka ujadiliwe baada ya hapo, kama bado utahitajika.

d) Michango ya waendelezaji iwe na akaunti yake, na kila robo mwaka tuonyeshwe kilichoingia na kilichotoka.

e) Malori ya ujenzi yapangiwe njia na saa, yasipite mbele ya shule wakati watoto wanaingia na kutoka, na mwenye mradi awajibike kwa uharibifu.

f) Njia ya pili ifunguliwe, hata kama kwa kuanzia itakuwa ya changarawe kwa ajili ya magari ya dharura tu.

g) Yale ya rangi, vibao, matuta na mitaro yafanyike kabla ya muhula ujao wa shule kuanza.

Kama kuna ombi hapa ambalo haliwezekani kisheria au kihandisi, tuambieni ni lipi na kwa nini. Jibu la "hapana" lenye sababu tunaweza kulifanyia kazi. Kuna wahandisi wastaafu na wanasheria miongoni mwetu walio tayari kukaa na wataalamu wenu bila malipo.

Tunaomba majibu ndani ya siku 30, na mkutano wa hadhara hapa hapa kitongojini, asubuhi ya siku ya kazi, kuanzia saa moja. Tunaomba wajumbe waje kwa barabara ile ile.

Wenu katika utumishi wa umma,

Mkazi, kwa niaba ya wakazi waliosaini

Nakala: Uongozi wa shule, Kikosi cha Zimamoto, Waendelezaji wote wenye vibali katika eneo hili, Mbao za matangazo